MAJANGA YA SHINYANGA NA MALEZI YA MGANGA



Kijana anayetoka Mwakitolyo huingia kidato cha kwanza akiwa amekwisha kuona mambo ambayo mwenzake wa mjini huyasoma gazetini tu. Amekulia kati ya maduara, karasha na mialo ya kuoshea dhahabu. Anajua kelele za watu wanaokimbilia shimo lililotitia, na anajua kimya kinachofuata. Kijana huyu akisema anataka kuwa mganga, mwalimu humwandika katika mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na mambo huishia hapo. Hatumwulizi alichokiona, wala hatumwulizi kama alichokiona kimemjenga au kimembomoa.

Makala haya yanahusu swali hilo. Je, janga humkomaza anayejifunza uganga? Wazee wetu walisema baada ya dhiki faraja. Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelishughulikia jambo hili kwa vipimo na mahojiano. Nataka tulitazame kwa njia ya historia, tukianza na majanga yaliyotupata sisi wenyewe katika Kanda hii ya Ziwa, kisha tuone wenzetu wa mbali waligundua nini, na mwisho tuseme shule yetu ina wajibu gani.

Usiku wa Mwakata

Usiku wa Machi 3, 2015 mvua kubwa ya mawe pamoja na upepo mkali iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama. Watu walikuwa wamelala. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo na matofali mabichi, na ukuta wa namna hiyo ukishalowa haubebi paa wala haujibebi wenyewe. Kuta zikawaangukia waliolala. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wakajeruhiwa, na maelfu wakabaki bila makazi, bila chakula na bila mifugo. Mashamba yaliyokuwa na mazao yalilazwa chini kana kwamba yamepitiwa na gogo. Rais Jakaya Kikwete alifika mwenyewe kuwapa pole wafiwa.

Majeruhi walikimbizwa katika Hospitali ya Kahama. Yafaa hapa tukumbuke jinsi hospitali zetu zinavyoendeshwa. Mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu aliyeko wodini kwa mafunzo hahesabiwi kuwa mtazamaji. Siku ya kawaida yeye hupima joto la mwili, husafisha vidonda na hushika taa. Siku ya janga hufanya yote hayo kwa watu kumi badala ya mmoja, na pengine miongoni mwao yumo jirani yake au mtoto wa mjomba wake. Daktari wa jiji kubwa huwatibu wageni. Mganga wa wilayani huwatibu watu anaowajua kwa majina. Tofauti hii tusiisahau, maana ndiyo inayofanya jeraha la moyo liwe zito zaidi kwa waganga wa mikoa kama yetu.

Tetemeko la Bukoba

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya Septemba 10, 2016, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Nguvu ya tetemeko ilipimwa kuwa 5.9. Watu wapatao 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani zilianguka au kupasuka. Katika nchi nyingine tetemeko la kiasi hicho lisingeleta maafa makubwa. Kwetu lilikuta kuta zisizokuwa na nondo, na watu ambao hawakuwahi kufundishwa la kufanya ardhi inapotikisika.

Sisi watu wa shule hatuna budi kulikumbuka tetemeko lile kwa sababu nyingine. Shule ya Sekondari Ihungo, moja ya shule kongwe za wavulana katika nchi yetu, iliharibika vibaya sana pamoja na jirani yake Nyakato. Majengo yaliyofunza vizazi vya viongozi, mapadre, walimu na madaktari yakawa kifusi au magofu yasiyokalika. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, ikafunguliwa tena.

Katika shule ya kidato cha tano na cha sita hawakosi vijana wanaotazamia udaktari. Kijana aliyeona bweni lake likipasuka akiwa na miaka 18, kisha miaka michache baadaye akavaa koti jeupe, huleta wodini kitu ambacho hakimo katika kitabu. Chaweza kuwa huruma, na chaweza kuwa hofu. Mara nyingi huwa vyote viwili.

Chini ya ardhi

Mvua ya mawe na tetemeko huja mara moja kwa miaka mingi. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Kahama na Shinyanga, liko janga linalorudi kila mara. Hilo ni la kufukiwa na kifusi. Sehemu yake ni kazi ya maumbile, kwani mvua hulegeza udongo na miamba hupasuka. Sehemu yake ni kazi ya binadamu, kwani mashimo huchimbwa bila matimba ya kutosha, na mtu mwenye njaa hasubiri mkaguzi.

Oktoba 5, 2015 wachimbaji sita walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Utafutaji ulifika mahali ukasimama, na jamaa wakaanza matanga. Novemba 15, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alifia huko chini. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu, na kunywa maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Januari 2017, mkoani Geita, wachimbaji 15 waliofukiwa katika mgodi mmoja wa Nyarugusu waliokolewa wote baada ya siku tatu hivi. Lakini si kila mara habari huisha kwa vigelegele. Agosti 11, 2025 wachimbaji 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, wilaya ile ile ilimo kata ya Mwakitolyo. Baadhi waliokolewa. Wengi walitolewa wakiwa maiti, na ufukuaji ulichukua siku nyingi huku ndugu zao wakisubiri juani.

Kila shimo linapotitia, wa kwanza kufika hawana cheo chochote. Ni wachimbaji wenzao, mama ntilie, waendesha bodaboda, na wavulana wa shule walioko likizo. Hao ndio hushika chepeo na ndio hubeba machela. Baadhi yao ni wanafunzi wetu.

Waganga wa kale walivyofunzwa

Tusidhani kwamba kufungamanisha mateso na uganga ni jambo lililoletwa na wazungu. Kwa Wasukuma, mfumu mara nyingi hakuchagua kazi yake kama mtu anavyochagua shati. Aliugua kwanza. Ugonjwa usioeleweka, au mfululizo wa misiba, ulitafsiriwa kuwa ni wito wa mababu, naye akapelekwa kwa mfumu mwenye uzoefu. Huko alitibiwa na kufundishwa kwa pamoja, akiishi katika boma la mwalimu wake kwa muda mrefu. Mgonjwa na mwanafunzi walikuwa mtu mmoja.

Vivyo hivyo kwa Bayeye, chama cha wacheza na nyoka wanaojulikana pia kwa kutibu walioumwa na nyoka. Anayeingia katika chama hicho huchanjwa dawa mwilini kabla ya kufundishwa kushika nyoka. Twaweza kubishana kuhusu nguvu ya dawa ile, lakini mpango wa mafunzo unaeleweka. Hatari huingia kwa kipimo, chini ya mkono wa mwalimu, na katikati ya wenzake wanaoimba. Mwenye kutaka kujua zaidi kuhusu vyama vya ngoma na uganga vya Wasukuma na atembelee Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, Mwanza.

Naomba msomaji ayashike mambo mawili katika desturi hizi. Kwanza, aliyeteseka hakuachwa peke yake. Pili, hakuitwa mganga kwa sababu tu aliteseka. Aliitwa mganga baada ya kutibiwa, kufundishwa na kushuhudiwa na jamii. Mateso yalikuwa mlango tu, na nyumba yenyewe ilijengwa na malezi.

Shule za uganga wa kisasa

Uganga wa hospitali ulipofika kwetu, malezi yalibadilika sura. Karibu na mji wa Shinyanga iko Hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na Misheni ya Africa Inland mwaka 1913, na kwa miongo mingi imefunza wauguzi. Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963, ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hapa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, ikatwaliwa na Serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa Kanisa Katoliki mwaka 1985 huku ikiendelea kuwa hospitali ya rufaa ya kanda. Mafunzo ya udaktari yalianza Bugando mwaka 2003 kwa wanafunzi wachache sana. Leo chuo hicho ni Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, na vijana wengi wa Shinyanga na Geita wanapita hapo.

Shule hizi zimefanya kazi kubwa. Zimefundisha mifupa, damu, vijidudu na dawa. Lakini katika kubadilisha sura ya malezi, kitu kimoja cha boma la mfumu kilipungua. Ni ile desturi ya mwalimu kumwuliza mwanafunzi, jioni baada ya kazi, moyo wake uko wapi.

Waliyoyaona wenzetu

Nchi nyingine zimepatwa na majanga zikiwa na shule za udaktari katikati ya miji iliyoharibika.

Agosti 29, 2005 tufani iliyopewa jina Katrina iliipiga pwani ya kusini ya Marekani, na mji wa New Orleans ukajaa maji. Katika hospitali zilizokatika umeme, wahudumu walipampu hewa kwa mikono yao ili wagonjwa waendelee kupumua. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Tulane walihamishiwa Houston, na wale wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana wakaendelea na masomo Baton Rouge. Madaktari wa Tulane waliobaki walianza kuwatibu watu mitaani.

Mei 12, 2008 tetemeko la Wenchuan, nchini China, liliua watu zaidi ya 69,000, na shule nyingi ziliangukia watoto. Januari 12, 2010, huko Haiti, shule ya taifa ya wauguzi mjini Port-au-Prince ilianguka juu ya wanafunzi wake. Februari 22, 2011 mji wa Christchurch, New Zealand, ulipigwa na tetemeko lililoua watu 185. Mji huo una wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Otago, na baadaye watafiti walifuatilia hali zao, wakitaka kujua si maumivu tu bali pia yale ambayo wanafunzi waliona wameyapata kutokana na msiba ule.

Kipimo kinachotumika sana katika kazi hizi kilitungwa na wataalamu wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, na kuchapishwa mwaka 1996. Wao waliita jambo hili ukuaji baada ya kiwewe, wakaligawa katika mafungu matano. Mtu hujiona ana nguvu kuliko alivyodhani. Husogea karibu zaidi na watu wengine. Huona njia mpya za maisha. Huthamini siku anazoishi. Na imani yake hubadilika au kupata mizizi. Wazo lenyewe si geni. Daktari Viktor Frankl wa Vienna, aliyepita katika kambi za mateso za Wanazi, aliandika mwaka 1946 kuhusu namna mtu anavyoweza kupata maana ya kuishi hata katikati ya mateso.

Lakini yako mambo matatu ambayo wengi huyasahau wanapoyasimulia mafunzo haya.

Kwanza, ukuaji na maumivu hukaa nyumba moja. Mwanafunzi aliyesema amekomaa baada ya tetemeko aweza kuwa ndiye yule yule anayeruka kitandani mlango unapobamizwa. Kukua si kupona, na kupona si kusahau.

Pili, janga lenyewe halimkuzi mtu. Kinachomkuza ni kazi ya moyo inayofuata, yaani kulitafakari jambo na kulisema mbele ya mtu anayemwamini. Kijana anayeambiwa anyamaze kwa sababu mwanaume halii hunyimwa sehemu ile ile ambamo ukomavu ungechipukia.

Tatu, wako ambao hawakui. Wako wanaokonda, wanaokunywa pombe, wanaoacha masomo. Hao si wadhaifu kuliko wenzao. Pengine walibeba mengi zaidi, au walikuwa peke yao. Jamii inayomsifu aliyekomaa na kumcheka aliyevunjika imeukosa ukweli wote wa jambo hili.

Tulicho nacho na tunachokosa

Tukirudi nyumbani twaona kwamba baadhi ya dawa tunazo. Kwa Wasukuma, mwano ukipigwa kila mwenye miguu hukimbia kwenda kusaidia. Msiba ukitokea, majirani hukesha nje kwenye moto kwa siku kadhaa, na mfiwa halazimiki kupika wala kulala peke yake. Waswahili wakasema msiba wa wengi harusi. Hawakumaanisha kwamba watu hufurahia kifo. Mzigo uliobebwa na mabega mengi hauvunji mgongo wa mmoja. Hicho ndicho ambacho wataalamu wa nafsi hukiita kwa majina marefu.

Serikali nayo imeanza kulitambua jambo hili. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoufunika mji mdogo wa Katesh Desemba 3, 2023 na kuua watu zaidi ya 80, maafisa ustawi wa jamii walipelekwa kuwaliwaza waathirika, sambamba na madaktari na askari. Miaka ya nyuma, mtu akikosa kidonda cha kuonekana aliambiwa amshukuru Mungu aende zake.

Tunachokosa ni kiungo kati ya matanga na darasa. Kijana wa Mwakitolyo hupewa matanga kwao kwa siku tatu, kisha hupanda basi kurudi bwenini, na huko hakuna anayejua alikotoka. Anakuta mtihani wa majaribio. Akifanya vibaya huandikiwa kwamba hana juhudi.

Wajibu wa shule yetu

Natoa mapendekezo matatu, na sidhani kwamba yanahitaji fedha nyingi.

Likitokea janga katika eneo wanakotoka wanafunzi, wahitimu walio waganga, wauguzi, mapadre, wachungaji au masheikh wafike shuleni ndani ya juma la kwanza, wakae na vijana hao. Wasije kuhutubia. Waje kusikiliza. Baada ya mwezi mmoja warudi, maana wakati huo ndipo asiyelala usiku na anayeshtuka ovyo hutambulika, naye apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye malaria.

Pili, pawe na chama cha huduma ya kwanza kinachofanya kazi kweli. Kijana aliyesimama pembeni ya kifusi bila kujua la kufanya hubaki na jeraha la aina yake, jeraha la kushindwa kusaidia. Aliyejua kuzuia damu na kumlaza majeruhi vizuri, hata kama majeruhi alifariki, hubaki na jambo moja la kushika. Yafaa mafunzo hayo yafike hasa kwa wale wanaorudi likizo kwenye machimbo.

Tatu, sisi wahitimu tuliokwisha kuwa waganga tuache kuwasimulia vijana ushujaa mtupu. Tunapokutana hapa husema tulivyofanya kazi saa 36 bila kulala, nao hucheka na kupiga makofi. Tuwaambie pia habari za mgonjwa ambaye bado tunamkumbuka, na nani alitushika mkono siku ile. Mwanafunzi akijua kwamba daktari mkuu naye alihitaji mtu wa kuzungumza naye, hataona aibu zamu yake itakapofika.

Na kwenu vijana, hasa ninyi wa Mwakitolyo, Kahama na Geita. Mliyoyaona hayakuwafanya waganga, wala msikubali mtu awaambie kwamba mlipaswa kuyaona ili mkomae. Hakuna mtoto anayepaswa kuhesabu maiti ili ajifunze huruma. Matimba yawekwe, kuta zijengwe imara, na shule ziwe na nondo, ili wadogo zenu wakomae kwa njia nyingine. Lakini kwa kuwa mmeyaona, msiyafukie kama duara lililoachwa, maana shimo la namna hiyo likifunikwa kwa majani tu humwangusha apitaye usiku. Lisemeni jambo kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa rafiki wa bwenini. Siku mtakapovaa koti jeupe, mgonjwa mwenye vumbi la karasha mwilini ataletwa kwenu akiwa hawezi kusema, nanyi mtajua pa kuanzia.